Mkazo wa Neno na Masikio ya Watoto Wetu



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimeazimia kuandika juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona dogo mno, lisilostahiki hata nusu ya ukurasa. Jambo lenyewe ni mkazo wa neno, yaani ile silabi moja ambayo ulimi huikandamiza kuliko nyingine kila tutamkapo neno. Walimu wengine huuita shada. Ili msomaji aone ninachokusudia, nitaiandika silabi hiyo kwa herufi kubwa: sisi husema kiTAbu, wala hatusemi KItabu.

Kilichonisukuma kuandika ni simu. Jumapili moja, baada ya swala ya alasiri, nilimpigia mamangu aliyeko Mji wa Kale, Mombasa. Huku Liverpool jua lilikuwa limeanza kuinama, na kule ndiyo kwanza watu wanywa chai ya asubuhi. Mjukuu wangu wa miaka 6, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa na habari ya furaha: mama yake alikuwa amepika vitumbua. Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Bibi, nimekula KItumbua!" Silabi ya kwanza aliipiga kama ngoma, na zilizofuata akazimeza.

Mamangu akajibu, "Umekula kitu? Kitu gani, mwanangu?"

Mtoto akarudia vile vile, kwa sauti kubwa zaidi. "Naam, kitu gani?" Akarudia mara ya tatu. Kisha akanirudishia simu huku midomo ikimtetemeka, akaniambia, "Babu, Bibi hajui Kiswahili."

Nami, badala ya kucheka au kumpakata, nilimkemea. Nilimwambia aseme vizuri, asiseme kama mzungu. Tangu siku ile, kila nikipiga simu Mombasa, mtoto yule alikwenda chumbani akafunga mlango. Wiki zikapita. Mamangu ana miaka 85, na kila mara aliuliza, "Yuko wapi yule mdogo? Mbona hazungumzi nami?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Usiku mmoja nikilifikiri jambo hili nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kukaa mahali alipokaa mtoto yule. Mwaka 1998 nilikwenda katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nikiwa na jino lililovimba hata uso ukageuka. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 9, alifuatana nami. Muuguzi aliponiuliza kama kuna dawa isiyopatana na mwili wangu, nilimjibu kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ninayo aLERji ya penisiLIni. Hakunielewa. Akauliza tena, taratibu na kwa sauti ya juu, kama azungumzaye na kiziwi. Nikarudia, naye akaandika kitu katika karatasi yake. Ndipo mwanangu aliposimama, akayatamka maneno yale mawili kama walivyomfundisha darasani na uwanjani: ALeji, peniSIlin. Kalamu ya muuguzi ikasimama. Akayafuta aliyoyaandika, akamshukuru mtoto, na kuanzia hapo akazungumza na mtoto.

Sikudhurika, Alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile mwanangu akawa ndiye mdomo wangu. Simu ya umeme, barua ya shule, mazungumzo ya benki, yote yalikuwa yake. Nami nikajizoeza kunyamaza, nikiamini kwamba akili yangu imechelewa kwa lugha. Baba anyamazapo mbele ya watu kwa sababu ya mwanawe, hunyamaza hata nyumbani, na wengi wenu mnalijua hilo bila ya kuambiwa.

Jambo la ajabu ni kwamba sikuwa mgeni wa lugha za watu. Katika miaka ya 1980 nilifanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya Diani, kusini mwa Mombasa, ambako watalii wa Kijerumani walikuwa wengi. Nilijifunza Kijerumani kwa sikio na kwa kijitabu. Mwaka 1987 nilikuwa nikilisindikiza kundi la wageni kutoka uwanja wa ndege, na tulipofika Likoni kungoja feri nilisimama mbele yao nikasema kwa Kijerumani kwamba sasa feri itatuvusha. Neno nililolitumia ni übersetzen. Mama mmoja mzee alitabasamu kwa upole, akaniuliza, "Itatufasiri kwa lugha gani?"

Nikaduwaa, hata yeye mwenyewe akanieleza. Neno hilo lina maana mbili, na herufi zake ni zile zile. Ukikaza mwanzo, ÜBERsetzen, ni kuvusha watu ng'ambo ya maji. Ukikaza katikati, überSETzen, ni kufasiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Ulimi wangu wa Mombasa, bila ya kuniomba ruhusa, ulikuwa umekaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama ukazavyo kila neno. Hivyo nikawatangazia wageni wangu kwamba chombo kile cha chuma kitawafasiri.

Kwa muda mrefu nilikihesabu kisa kile kuwa kichekesho tu. Baada ya yale ya simu nikaanza kusoma, nikagundua kwamba wataalamu wa ubongo na lugha wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na mmoja wa wakuu wao alifanya kazi hapa hapa magharibi mwa Sydney. Huyo ni Profesa Anne Cutler, Mwaustralia aliyezaliwa Melbourne mwaka 1945 na kufariki mwaka 2022. Alianza kwa kusoma na kufundisha Kijerumani, akaingia katika elimu ya nafsi na lugha, akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, kuanzia 1993 hadi 2013, na pia akawa profesa katika chuo tunachokiita leo Western Sydney University. Mwaka 2012 alitoa kitabu kikubwa, Native Listening, juu ya jinsi lugha ya kwanza inavyolifunza sikio.

Fundisho lake ni hili. Mtu asemapo, haweki nafasi baina ya maneno kama tuwekavyo katika maandishi. Sauti hutiririka kama maji ya mfereji, na ni kazi ya ubongo wa msikilizaji kuyakata maji hayo vipande vipande. Ubongo hutafuta alama ya kukatia, na alama hiyo hutofautiana kwa lugha. Katika Kiingereza, Cutler na wenzake waliona katika miaka ya 1980 kwamba takriban maneno tisa katika kila kumi ya yale yenye kubeba maana katika mazungumzo huanza kwa silabi yenye nguvu. Kwa hiyo sikio la Mwingereza limezoea kwamba, likisikia silabi yenye nguvu, hapo pana mwanzo wa neno jipya. Hata Waingereza wenyewe wanaposikia vibaya, aghalabu hukosea kwa kukata neno mbele ya silabi ya namna hiyo.

Sasa tutazame Kiswahili. Sisi tuna kanuni moja: mkazo huikalia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo husogea pamoja nalo: PIga, piGAna, pigaNIsha. Hapana haja ya kuuhifadhi mkazo wa kila neno, kwani kanuni yatosha. Yako machache yaliyotoka nje, kama baRAbara lenye maana ya sawasawa, ambalo silo baraBAra ya kupita magari, na kama LAzima, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Lakini kwa jumla mkazo wetu ni kama kengele ya mlangoni: ukiusikia, jua kwamba imebaki silabi moja tu, kisha neno limekwisha.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipokielewa kilichotokea katika simu ile. Mjukuu wangu alisema KItumbua. Sikio la mamangu lilisikia nguvu katika KI, likangoja silabi moja, TU, likafunga neno: KItu. Kilichosalia kikapita kama upepo. Ndiyo maana akauliza, tena kwa haki yake, "Kitu gani?" Na katika zahanati yalitokea kinyume chake. Mimi nilisema penisiLIni, na yumkini sikio la muuguzi likaisikia LI ile kuwa mwanzo wa neno, likaanza kutafuta neno lisilokuwapo. Mamangu si kiziwi, mtoto si mjinga, muuguzi hakukosa adabu kwa makusudi, wala akili yangu haikuchelewa. Kila mmoja wetu alikuwa akikata maji kwa kisu alichopewa utotoni.

Na utoto huo huanza mapema kuliko tudhanivyo. Mwaka 2007 Angela Friederici, wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig huko Ujerumani, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wa vitoto vya miezi 4, vya Kijerumani na vya Kifaransa. Kijerumani hukaza mwanzo wa maneno yake mengi ya asili, ingawa maneno ya kupokewa, kama MuSIK na StuDENT, hukazwa mwisho. Kifaransa huelekeza nguvu mwishoni. Vitoto vilivikwa vipokezi vidogo kichwani vya kunasa umeme mdogo wa ubongo, kisha vikasikilizishwa sauti ambayo kwetu sisi ni neno kamili: baba. Mara nyingi ilikuja kwa mkazo mmoja, na mara chache ikachomekwa yenye mkazo wa pili.

Msingi wa kipimo hiki ni wimbi la umeme ambalo Risto Näätänen wa Finland na wenzake walilieleza mwaka 1978: ukiuzoeza ubongo sauti moja, kisha ukabadilisha ghafla, ubongo hutikisika katika sehemu ndogo ya sekunde, hata kama mwenyewe hakutia maanani. Vitoto vya Kijerumani vilitikisika zaidi viliposikia baBA, na vya Kifaransa zaidi viliposikia BAba. Kila kitoto kiliushangaa zaidi mkazo uliokuwa mgeni kwa watu wake. Hawajasema neno hata moja, hawajaota jino, na tayari ubongo wao una uraia.

Kwa watu wazima wa Kijerumani mkazo huwa sehemu ya neno lenyewe, umehifadhiwa pamoja na sauti zake. August ni mfano mwepesi: AuGUST ni mwezi, AUgust ni jina la mtu. Mwaka 2008 Ulrike Domahs na wenzake walitangaza uchunguzi uliowasikilizisha Wajerumani maneno yaliyokazwa mahali pasipo pake huku wakiupima umeme wa ubongo. Yako makosa ambayo wimbi la umeme liliyadhihirisha waziwazi, na mengine yalipita kwa urahisi zaidi, kulingana na jinsi yalivyolivunja umbo la neno. Basi ubongo hauuchukulii mkazo kuwa pambo. Huupima kama fundi apimavyo ukuta kwa timazi.

Na je, waliolelewa kwa lugha yenye kanuni moja? Mwaka 1997 Emmanuel Dupoux na wenzake waliwajaribu Wafaransa na Wahispania kwa maneno yasiyo na maana, yaliyotofautiana kwa mkazo tu. Wahispania, ambao lugha yao hutofautisha maneno kwa mkazo, walifanya vyema. Wafaransa walikosea sana, hata wataalamu wakaiita hali hiyo uziwi wa mkazo. Lakini kazi ilipokuwa nyepesi, Wafaransa hao hao waliisikia tofauti. Maana yake ni kwamba sikio lilisikia, bali ubongo haukuona sababu ya kuweka akiba. Baadaye wenzao wa Finland na Hungary walionekana kuwa kama Wafaransa. Wapolandi, ambao kama sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kama sisi wana maneno machache yaliyoasi, walikuwa na uziwi huo kwa kiasi kidogo. Nilipoyasoma haya nilihisi mzigo wa tangu 1998 ukishuka mabegani.

Jambo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi sisi wazazi. Mwaka 2010 Dupoux na wenzake walitangaza habari za watu waliolelewa na Kifaransa na Kihispania tangu kuzaliwa. Mtu angedhani wote wangekuwa katikati. Haikuwa hivyo: baadhi yao walisikia mkazo kama Wahispania, na baadhi kama Wafaransa waliojifunza Kihispania ukubwani. Kilichohusiana na tofauti hiyo ni lugha ipi ilitawala, na utawala huo ulifungamana na yale waliyoyasikia katika miaka yao ya awali. Kuwa na lugha mbili nyumbani, basi, hakutoshi kwa jina tu. Lugha ambayo mtoto haisikii kwa wingi katika miaka yake ya mwanzo humkalia kama mgeni barazani.

Nikajiuliza: mjukuu wangu ameisikia wapi lugha yetu? Shule ni Kiingereza, televisheni ni Kiingereza, baba yake aliyefanywa mdomo wangu tangu utoto huzungumza naye Kiingereza. Na hapo nikaiona hesabu yenyewe, wala sikuipenda. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomnyima mjukuu wangu mkazo wa kitumbua. Kisha nikamkemea kwa kukosa kile ambacho sikumpa.

Katika chuo, mwanafunzi anayefupisha pahali pa kuvuta hachekwi wala hafukuzwi. Mwalimu huisoma aya mwenyewe, mtoto akafuatisha, mwalimu akarudia, hata sikio likazoea. Kwa nini subira ile tunaiacha mlangoni mwa chuo tunaporudi nyumbani?

Kwa hiyo, ndugu zangu, haya ndiyo niliyoyashika, nanyi mkiona yafaa myashike. Kwanza, tuzungumze Kiswahili na watoto wachanga, hata kabla hawajajibu, kwani ubongo wao umekwisha kuanza kuandika. Pili, mtoto akikosea mkazo, tusimkemee. Tulirudie neno lake ndani ya sentensi yetu kwa mkazo wake sahihi, kisha tuendelee na mazungumzo. Tatu, sisi wenyewe tunapojifunza neno la Kiingereza, tuulize mkazo wake uko wapi kama tuulizavyo maana yake. Kamusi nyingi huweka kialama kidogo juu, mbele ya silabi inayokazwa. Tuseme LIverpool, CANberra, HOSpital, na tushukuru kwamba ParraMAtta, CabraMAtta na CaSUla zimejengwa kwa kanuni yetu, hata kama waliozijenga hawakutufikiria.

Nne, katika jambo la tiba, tusimfanye mtoto kuwa mkalimani. Jina la dawa isiyokufaa liandike kwenye karatasi, ukae nayo mfukoni. Iko huduma ya taifa ya ukalimani, TIS, nambari 131 450, mchana na usiku, na katika hospitali za serikali mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani bila ya malipo. Laiti ningalijua hayo mwaka 1998, ningalibaki na mdomo wangu na mwanangu angalibaki na utoto wake.

Nami nilianza na yaliyo nyumbani. Kila Jumapili mjukuu wangu na mimi huingia jikoni, tukatengeneza vitumbua, na kila tunapomimina unga katika kikaango hupiga makofi mara nne, la tatu likiwa kubwa: ki-tu-MBU-a. Yeye hudhani ni mchezo. Wiki ya kwanza alikaza mwanzo, na ya pili vile vile. Mwezi uliopita, bila ya kuombwa, alitoka chumbani nikiwa kwenye simu, akaninyang'anya.

"Bibi," akasema, "leo tumepika vituMBUa."

Kule Mombasa pakawa kimya kidogo, nikaogopa. Kisha nikamsikia mamangu akicheka kicheko chake cha zamani, akamuuliza, "Na iliki mmetia?"

Neno iliki mtoto halijui. Akanigeukia kuniuliza. Tunalo la kujifunza Jumapili ijayo, inshaallah.